Kamba ipi kwa begi la mgongoni la kufuma: katani, pamba, fulana za mtumba au polyesta?

Nimezaliwa Tanga, na mtu wa Tanga ukimtajia kamba akili yake inakimbilia katani. Ndiyo maana begi la kwanza la mgongoni nililofuma kwa kroshia lilikuwa la katani tupu. Lilipendeza mno. Lilikaa mgongoni mwangu siku nne. Siku ya tano nilikuwa kwa fundi cherehani nimeshika shati la kazini, limevutwa nyuzi mgongoni kana kwamba limekwaruzwa na paka.

Tangu hapo nimefuma mengine kwa kamba ya pamba, kwa fulana za mtumba zilizochanwa vipande, na kwa polyesta. Nikilibeba lolote kati ya hayo kwenye daladala, swali ni lile lile: umetumia kamba gani, na mimi ninunue ipi? Wengi huuliza wakiwa tayari wamechagua rangi. Mimi rangi naiweka mwisho. Naanza na mzigo, mvua na mikanda, na baadaye utaona kwa nini mikanda ndiyo inayoamua karibu kila kitu.

Ili tulinganishe kwa haki, tuseme begi ni moja: kitako cha sentimita 24 kwa 12, kimo sentimita 33, mfuniko wa kukunja wa sentimita 24 kwa 25, mikanda miwili ya mabegani. Ndani kuna kompyuta mpakato, chupa ya maji ya lita moja, hotipoti ndogo, mwavuli na daftari. Hizo ni kilo nne mpaka tano, kila siku ya kazi, pamoja na kubanwa mlangoni mwa gari. Si begi la kupigia picha.

Kwanza ujue unachouziwa

Ingia duka la kamba Kariakoo na kila kinachong'aa kitaitwa nailoni. Kilicho kigumu kidogo kitaitwa manila, ingawa manila ya asili ni nyuzi za mmea wa jamii ya mgomba kutoka Ufilipino na yumkini hakuna roli yake hata moja mtaa mzima. Muuzaji hakudanganyi. Ndivyo alivyoyakuta majina. Lakini wewe unahitaji kujua, kwa sababu kamba mbili zinazofanana rangi na unene zinaweza kuzeeka tofauti kabisa.

Omba kipande cha urefu wa kidole, toka nacho nje na kiberiti, kishike kwa koleo. Pamba na katani huwaka kama karatasi: moto unatembea, harufu ni ya karatasi au majani makavu, na jivu linasagika kidoleni. Polyesta hujikunja kwanza kama inayokimbia moto, halafu inayeyuka, inatoa moshi mweusi na kuacha shanga ngumu isiyobonyea kwa kucha. Polipropilini, ambayo ndiyo hiyo "manila" ya dukani na kamba nyingi za kuanikia nguo, nayo inayeyuka, lakini harufu yake ni ya mshumaa uliozimwa. Usiguse shanga kabla haijapoa, nimeshaungua mara moja na inatosha.

Asiyependa moto atumie ndoo ya maji. Zamisha kipande, kikamue hewa yote ukiwa umekishika chini ya maji, kisha kiachie. Polipropilini itapanda juu kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji. Polyesta, nailoni na pamba zitazama.

Kwa nini nasumbuka hivi? Kwa sababu ya jua. Kila mwenye ua amewahi kushika kamba ya kuanikia nguo iliyokaa juani muda mrefu, ikamwachia unga mweupe na miba midogo kwenye viganja. Hiyo ni polipropilini iliyoliwa na jua. Ni rahisi, ni nyepesi, haili maji hata kidogo, na kwa begi la kila siku siitaki. Polyesta inavumilia jua vizuri zaidi, na hapo ndipo bei yake ya juu inapojilipa. Basi polipropilini tumeitoa, tubaki na zinazostahili kugombea.

Katani na pamba zikiwa mkononi

Nisiionee katani. Ina sifa moja ambayo wenzake wote wanaikosa: haivutiki. Tundika mzigo usiku kucha, asubuhi begi lina urefu ule ule. Umbo lake linasimama lenyewe kama kikapu, bila bitana wala ubao wa kitako. Na ina historia inayonigusa. Mkonge, mmea unaotoa katani, ni mgeni kwetu, asili yake Meksiko. Uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na husimuliwa kwamba katika miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida ni 62 tu iliyofika hai. Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba niliyopita pembeni yake nikienda shule.

Lakini kroshia inaitaka kamba ikunjwe kona kali kila kishono, na unyuzi wa katani haupendi kona. Unavunjika ncha, ncha zinasimama, na ncha hizo ndizo zinazochoma mgongo na kula mashati. Vidole vyako vitakuwa vimeshachubuka kabla begi halijafika nusu. Ikinyeshewa inavimba, inakaa na maji, na usipoianika vizuri inapata madoa ya ukungu.

Mtu ataniambia: mbona kiondo ni cha katani na kinadumu? Kweli, ila kiondo hakifumwi kwa kroshia. Akina mama wa Ukambani na wa Kikuyu hukisuka, na uzi wake wa asili husokotwa mwembamba pajani, nyuzi zikalala pamoja zikawa laini. Kisha kinabebwa mkononi au begani, na mkanda wake mara nyingi ni wa ngozi. Wenye ufundi wao walishajua kwamba sehemu inayogusa mwili na kubeba uzito isiwe katani. Mimi nilijifunza kwa shati.

Pamba ni kinyume chake. Inatulia mkononi, haitelezi ovyo kwenye sindano ya kroshia, vishono vinaonekana safi, na ukikosea unafumua bila kuacha alama. Anayefuma kitu kikubwa kwa mara ya kwanza, aliyezoea vitambaa vya makochi tu, atafurahi na pamba kuliko kamba nyingine yoyote. Nunua iliyosukwa kama ukili, usinunue iliyosokotwa tu, kwa sababu iliyosokotwa inagawanyika na sindano inaingia katikati ya nyuzi badala ya kuingia kwenye kitanzi.

Kasoro yake ni maji. Hata ikiwa kavu mkononi, pamba hubeba unyevu wa karibu asilimia 8 ya uzito wake kutoka hewani tu, wakati polyesta haifiki hata asilimia 1. Sasa fikiria masika ya Dar es Salaam, umeshuka kituoni, mvua imekukuta kabla hujafungua mwavuli. Begi la pamba linakunywa mvua hiyo yote. Haliharibiki, maana pamba haidhoofiki kwa kulowa, lakini linakuwa zito, linarefuka kwa uzito wake lenyewe, na kesho asubuhi bado lina ubichi. Likikaa siku mbili bila jua linanuka uvundo, na harufu hiyo haitoki kwa kufua mara moja.

Halafu kuna rangi. Kabla ya kununua roli tano za pamba nyekundu, lowesha kipande, kisugue kwenye leso nyeupe. Leso ikichukua rangi, mgongo wa shati lako utachukua pia, maana jasho ni maji ya moto yenye chumvi.

Fulana za mtumba

Hii ndiyo kamba ya asiye na pesa ya kamba, na nina mapenzi nayo kuliko inavyostahili. Chukua fulana kubwa isiyo na mshono wa ubavuni, kata chini ya kwapa, tupa pindo, kisha uikate kwa mzunguko bila kukatisha, upana wa sentimita mbili na nusu. Ukivuta, kingo zinajikunja zenyewe ndani, unapata uzi mnene mviringo. Hesabu yake ni rahisi: fulana yenye mzunguko wa sentimita 110 na sehemu ya kukata ya sentimita 45 inatoa karibu mita 20. Fulana kumi, mita 200. Kwa kuwa uzi huu ni mnene kuliko kamba ya milimita tano, begi letu linaweza kutosha hapo au kupungukiwa kidogo. Nunua kumi na mbili.

Ni laini mgongoni kuliko zote, haichomi, haichubui. Lakini ni kitambaa cha kuvutika kilichofumwa kwenye mtindo unaovutika. Ukiweka kilo tano, begi linashuka kama soksi iliyochoka. Na ni zito hata likiwa tupu. Maji linakunywa kama pamba, maana ni pamba.

Nimejaribu pia jezi za mpira za mtumba, ambazo ni polyesta. Zinakauka haraka sana, lakini zinateleza kwenye sindano, na ukichanganya jezi za timu mbili mtaani hutapata amani.

Kuna watakaokuelekeza ukate mifuko ya plastiki iwe uzi. Video hizo bado zinazunguka. Kwetu zimepitwa: Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Malighafi yenyewe utaipata wapi?

Polyesta, na tofauti ambayo wauzaji hawakwambii

Kwa begi la kila siku ninalobeba sasa nimetumia polyesta ya milimita tano. Haili maji, inakauka kwa upepo wa dirishani, haipauki haraka, haichomi. Ncha zake unaziziba kwa kiberiti zikashikana, wakati ncha ya pamba lazima uifiche ndani ya vishono na kuishonea.

Ila polyesta ni mbili. Kuna yenye moyo, yaani ndani ya kamba iliyosukwa mna nyuzi nyingine zilizonyooka, na kuna iliyo tupu ndani kama utambi. Yenye moyo ni mviringo, inasimama, inatengeneza begi linalobaki wima hata likiwa halina kitu. Pia ni nzito, inakula kifundo cha mkono, na ukiikata moyo unarudi ndani, kamba inabaki mdomo wazi, kwa hiyo iunguze ncha palepale. Isiyo na moyo inalala bapa, ni nyepesi, mkono hauchoki, lakini begi linalegea na linahitaji bitana ya kulishika.

Ukiniuliza, nitachukua isiyo na moyo kwa mwili wa begi na kununua roli moja tu yenye moyo kwa ajili ya kitako. Kitako kigumu, ubavu mwepesi. Wengi hununua yote yenye moyo kwa kuwa inaonekana imara dukani, kisha wanafika nusu ya begi na kuacha kwa maumivu ya mkono. Nimeona mabegi mangapi yamebaki vikapu vya matunda kwa sababu hiyo!

Nailoni halisi, ile ya kushonea nyavu inayouzwa sokoni Feri, Dar es Salaam, na Mwanza, nayo niliijaribu. Nguvu zake si za kawaida. Lakini ni nyembamba, inateleza, fundo linafunguka lisipokazwa, na ikilowa inalegea kidogo kabla ya kurudi. Kwa mfuko mdogo wa simu, sawa. Kwa begi zima utazeeka nalo.

Milimita tatu au tano

Hapa watu hudanganyika na bei. Kamba nyembamba huonekana rahisi kwa mita, lakini hesabu vishono. Kwa mkono wangu, kamba ya milimita tano inatoa kishono cha karibu sentimita moja kwa milimita tisa, kwa hiyo begi letu lenye eneo la sentimita za mraba 3,264 linakula vishono kama 3,600. Kwa milimita tatu vinafika karibu 9,900. Ni mara tatu ya kazi. Kinachopatikana ni begi jepesi, laini, lenye sura ya duka, na matundu madogo ambayo kalamu haipenyi. Mwenye subira na anayefuma kwa kuuza aende na tatu. Anayetaka begi kabla ya shule kufunguliwa aende na tano.

Usinunue kwa kukisia. Fuma kipande cha sentimita 10 kwa 10 kwa kamba na sindano utakayotumia, kifumue, pima umekula mita ngapi. Tuseme ni mita 6 na nusu. Begi letu ni sawa na vipande 33 vya aina hiyo, basi unahitaji karibu mita 215. Ongeza za mfuko wa mbele na za makosa, nunua 240, na zote siku moja, kwa sababu roli za wiki ijayo huja na rangi iliyopishana kidogo na tofauti hiyo itaonekana mgongoni mwako kutoka ng'ambo ya barabara.

Sindano iwe ya chuma au alumini. Ya plastiki itapinda. Na iwe ndogo kuliko mkono wako unavyotaka: kwa kamba ya milimita tano mimi natumia sindano ya milimita sita, ingawa kibandiko kwenye roli huweza kusema saba au nane. Ukifuma legevu utapata chandarua.

Kishono

Sina mengi hapa. Kishono kifupi cha kawaida kinatosha, ila angalia namna unavyochukua kamba. Ukiizungusha juu ya sindano unapata alama ya V, na ukifuma kwa mzunguko, vishono vinaanza kuhamia pembeni hata begi likaonekana limejipinda kiuno. Ukiikwapua kwa kuipitisha chini unapata alama ya X, kishono kinabana zaidi, kinakula kamba kidogo pungufu, na mstari unasimama. Kwa begi nachagua X bila kufikiri. Kuna pia kile cha kuingiza sindano katikati ya miguu ya V, kinachofanana na sweta. Ni kigumu kama ubao na kizuri sana, lakini ukibana mkono hutaweza kuingiza sindano mzunguko unaofuata. Kitumie kwenye mfuniko tu.

Tahadhari moja kwa wanaofuata video: anachokiita Mmarekani "singo", yaani hicho kishono kifupi, ndicho kitabu cha Kiingereza cha Uingereza kinakiita "dabo". Mama zetu waliofundishwa na masista walifundishwa majina ya Uingereza. Ukichanganya, begi linatoka na matundu ya kupitisha funguo.

Mikanda ndiyo mwamuzi

Sasa nifike nilipokuwa nataka kufika tangu mwanzo. Mabegi yangu matatu yaliyofuata lile la katani hayakuharibikia mwilini. Yaliharibikia mabegani. Mkanda wa kufuma, hata wa polyesta, ni mnyororo wa vitanzi, na kila kitanzi kikipata uzito kinajinyoosha kidogo. Vitanzi mia vikijinyoosha kidogo kidogo, begi lililokuwa kiunoni linashuka makalioni. Unafupisha, linashuka tena. Mkanda nao unajikusanya ukawa kamba nyembamba inayokata bega.

Ukilinganisha, una njia tatu. Mkanda wa kufuma mtupu: unapendeza, haugharimu kitu zaidi ya kamba, na unafaa begi la mtoto la kubebea sweta na kitafunwa. Mkanda wa ngozi: haurefuki ovyo, unazeeka kwa heshima, lakini jasho na mvua vinataka uupake mafuta, na ngozi nzuri inaweza kukugharimu kuliko kamba yote. Mkanda wa kufumwa kiwandani, ule wa mabegi ya shule, wa upana wa sentimita tatu na nusu au nne: hauna sura, lakini haurefuki, unafulika, na unakuja na bizimu za kurekebisha urefu. Upana ni muhimu. Wa sentimita mbili na nusu ni wa begi la bega, mgongoni utajuta.

Mimi nachukua huo wa kiwandani na kuufunika kwa kipande nilichofuma pale tu unapogusa bega. Anayeona anadhani wote ni wa kufuma.

Lakini siri haiko kwenye mkanda, iko kwenye njia unayoupitisha. Usiushonee juu ya vitanzi vya begi halafu ukaishia hapo, kwa maana vitanzi viwili vitatu vitabeba kilo tano na vitafunguka kama mdomo. Upitishe mkanda ndani, kati ya kazi ya kufuma na bitana: utoke bega la kushoto, ushuke mgongoni, upite chini ya kitako, upande tena hadi bega la kulia. Uwe kama machela, begi linakaa juu yake. Mpelekee fundi viatu, si fundi nguo. Ana msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, na uzi wenye nta, naye atakushonea mraba wenye msalaba ndani kila mkanda unapoingia na kutoka.

Ukishafanya hivyo, angalia kilichotokea: uzito wote uko kwenye mkanda, na kamba uliyofumia haibebi kitu ila nafsi yake. Kasoro ya fulana za mtumba, kuvutika, imepungua zaidi ya nusu. Kasoro ya pamba imebaki ile ya maji tu. Sifa kubwa ya katani, kutovutika, haina tena kazi. Ndiyo maana nasema mikanda kwanza, kamba baadaye. Mtu akija kwangu na pesa ya kununua ama kamba ghali au mkanda mzuri, simwachi anunue kamba ghali.

Bitana na mdomo

Bitana nayo inabeba. Ikate ndogo kidogo kuliko begi, nusu sentimita kila upande na fupi kwa kimo, ili kompyuta ikae juu ya bitana kabla haijagusa vishono. Jinzi ya mtumba inashinda kitenge kwa mbali. Kitenge ni kizuri ukifungua, kitumie kwa mfuko wa ndani. Chochote utakachochagua, kiloweke na ukianike kabla ya kukata, maana kikirudi baada ya kushonwa kitavuta begi lote likunjamane. Kitakoni weka kipande cha plastiki kilichokatwa ubavuni mwa dumu kuukuu, kona zake uziviringe.

Zipu kwenye kazi ya kufuma mwachie fundi, na aishonee kwenye bitana, si kwenye kamba. Mfuniko wenye kifungo cha sumaku ni rahisi zaidi. Kwa wanaopanda magari ya kubanana, mdomo wa begi uelekee mgongoni mwako. Kibaka akitaka simu yako itabidi akuombe ugeuke.

Kwa hiyo, ununue ipi?

Anayekwenda kazini kila siku, mvua na jua: polyesta isiyo na moyo, milimita tano, mkanda wa kiwandani uliozunguka kitako. Sibishani hapo.

Anayejifunza, au mwanafunzi wa chuo anayekaa hosteli karibu na madarasa: pamba iliyosukwa. Utakosea, utafumua, utafuma tena, na pamba itakusamehe. Nunua rangi iliyokolea, na mvua ikija kimbia.

Asiye na mtaji: fulana, bila aibu, ila pesa kidogo uliyonayo iende kwenye mkanda na kwa fundi viatu. Mwenye vidole au vifundo vinavyouma naye aanzie hapa, kwa sababu uzi wa fulana hauhitaji nguvu.

Anayefuma kwa kuuza atakuwa na kesi yake. Wateja wanapenda katani na pamba kwa macho, hasa watalii wa Unguja, lakini mteja wa mtaani atakurudia kulalamika begi likirefuka. Muuzie polyesta ya milimita tatu, na umweleze asilipige pasi, maana litayeyuka.

Na lile langu la katani sikulitupa. Linaning'inia jikoni nyuma ya mlango, limejaa vitunguu, halijarefuka hata sentimita moja.